Mfumo wa Java Ukigoma Kituoni: Mwongozo wa Kusaka Kosa la Mipangilio

Ukurasa mweupe wenye maandishi "HTTP Status 404" haumsaidii chochote afisa wa rekodi aliye na foleni ya wagonjwa mlangoni. Jana jioni mfumo ulifunguka vizuri. Usiku stima ikapotea, alfajiri ikarudi. Sasa kompyuta inawaka, mtandao wa ndani upo, lakini rekodi hazionekani, na mtu wa kwanza kupigiwa simu yuko mbali.

Katika kaunti za Kitui na Makueni umbali huo si mchezo. Kitui pekee ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na fundi wa Kitui mjini akihitajika Tseikuru au Mutomo, saa nyingi huishia barabarani. Makueni ni ndogo, ila kutoka Wote kupanda vilima vya Mbooni, au kushuka hadi Kibwezi kwenye barabara ya Mombasa, nako ni safari.

Mifumo yenyewe ina asili moja: lugha ya Java. KenyaEMR, iliyoanza kutunza rekodi za wagonjwa katika vituo vya afya vya Kenya mwaka 2012, imejengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanza kazi Eldoret mwaka 2006. KHIS, ambako kaunti zote 47 hupeleka takwimu za afya, imejengwa juu ya DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, nayo pia ni ya Java. Tofauti ni mahali zinapokaa. KHIS iko kwenye seva za kitaifa. KenyaEMR mara nyingi hukaa kwenye seva ndogo ndani ya kituo, na ikigoma, aliye karibu ndiye hushika usukani.

Mwongozo huu ni wake: afisa wa rekodi za afya, fundi wa kaunti ndogo, au mwanafunzi wa kompyuta kutoka Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya pale Kwa Vonza aliye kwenye mafunzo ya kazini. Si lazima ajue kuandika Java. Hitilafu nyingi haziko ndani ya programu. Ziko kwenye mistari michache ya mipangilio inayoiambia programu hifadhidata iko wapi, nywila ni ipi, na itumie kumbukumbu kiasi gani.

KWA NINI MFUMO MZIMA HUGOMA GHAFLA

Mfumo wa aina hii una matabaka matatu. Chini kabisa kuna hifadhidata, kwa kawaida MySQL, inayotunza rekodi zenyewe. Katikati kuna Java pamoja na Tomcat, programu inayopokea maombi kutoka kwa vivinjari. Juu kuna mfumo wenyewe, uliofungwa kwenye faili moja kama openmrs.war. Matabaka haya hutengenezwa na watu tofauti na hubadilika kwa kasi tofauti. Kinachoyaunganisha ni mipangilio.

Basi mfumo ukigoma bila mtu kugusa msimbo wake, jambo moja kati ya haya huwa limetokea: toleo la tabaka moja limepandishwa bila jingine, stima imekatika katikati ya kazi, diski imejaa, ruta imegawa anwani mpya, au mtu ameiwasha seva kwa njia isiyo ya kawaida. Jua ni lipi, na nusu ya kazi imekwisha.

KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

1. Toa nakala ya akiba ya hifadhidata. Ikiwa MySQL inawaka, amri hii yatosha, na faili lazima iende kwenye diski ya nje:
   mysqldump -u root -p --single-transaction openmrs > openmrs-leo.sql
2. Ikiwa MySQL haiwaki, usiilazimishe. Izime kabisa, kisha nakili folda nzima ya /var/lib/mysql mahali salama.
3. Nakili kila faili ya mipangilio kabla ya kuihariri. Ipe nakala jina lenye tarehe.
4. Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika matokeo. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na mfumo ukawaka, hutajua kilichokuwa kibovu ni kipi, na kesho kitarudi.

ONYO: Usiufute mfumo na kuusakinisha upya kama hatua ya kwanza. Usakinishaji mpya hauondoi sababu, bali unaweza kufuta rekodi za wagonjwa za miaka mingi.

HATUA SABA ZA KUSAKA KOSA

Amri zilizo hapa ni za Ubuntu na Tomcat 9. Kama seva yako ina toleo jingine, badilisha namba.

1. Angalia diski na kumbukumbu. Andika df -h, halafu free -h. Diski ikionyesha asilimia 100, usitafute kosa jingine kwanza. Tomcat haiwezi kuandika, MySQL haiwezi kufunga kazi zake, na makosa utakayoyaona ni matokeo tu.

2. Angalia saa. Andika timedatectl. Kwenye kompyuta kuukuu betri ndogo ya ubao mama hufa, na stima ikikatika tarehe hurudi nyuma miaka. Mfumo wenye tarehe ya zamani hukataa vyeti vya usalama, na rekodi za leo huandikwa tarehe ya uongo. Rekebisha saa kabla mtu hajaingiza mgonjwa hata mmoja.

3. Uliza kama hifadhidata iko hai: sudo systemctl status mysql. Ikiwa imelala, tatizo si la Java.

4. Uliza kama Tomcat iko hai: sudo systemctl status tomcat9.

5. Soma logi. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu kosa moja la Java huweza kujaza mistari mia. Usisome kuanzia mwisho. Tafuta mahali seva ilipowashwa mara ya mwisho, shuka hadi kosa la kwanza, kisha ndani ya kosa hilo tafuta mstari wa mwisho unaoanza na "Caused by". Mstari huo ndio chanzo. Yaliyobaki ni mwangwi wake. Logi ya Tomcat hupatikana hivi:
   sudo journalctl -u tomcat9 -n 300
   au kwenye folda ya /var/log/tomcat9.

6. Jaribu kwenye seva yenyewe. Fungua http://localhost:8080/openmrs ukiwa umekaa mbele yake. Ikifunguka hapo lakini haifunguki kwenye kompyuta ya chumba cha daktari, Java haina kosa. Tatizo ni mtandao au anwani.

7. Linganisha ujumbe ulioupata na sanduku lifuatalo.

SANDUKU: MASHINE INASEMA NINI?

• "Address already in use": poti imekwisha kushikwa na programu nyingine.
• "UnsupportedClassVersionError": Java iliyopo ni ya zamani kuliko inayotakiwa.
• "ClassNotFoundException: javax.servlet…": mfumo wa zamani umewekwa kwenye Tomcat 10 au zaidi.
• "Communications link failure": Tomcat haiifikii hifadhidata.
• "Access denied for user": hifadhidata imefikiwa, ila jina au nywila si sahihi.
• "The server time zone value 'EAT' is unrecognized": ukanda wa saa haujatajwa kwa namna MySQL na Java zinavyoelewana.
• "Permission denied" au "Read-only file system": Tomcat hairuhusiwi kuandika kwenye folda.
• "OutOfMemoryError: Java heap space": kumbukumbu iliyotengewa Java imekwisha.
• "SAXParseException" pamoja na namba ya mstari: faili ya XML ina alama iliyokosewa kwenye mstari huo au ulio juu yake.

POTI ILIYOKALIWA

Poti ni kama kiti cha dereva kwenye matatu: hakikaliwi na wawili. Tomcat hutaka 8080, na ikikuta imeshikwa haiwezi kupokea ombi lolote. Mara nyingi aliyeishika ni Tomcat nyingine, iliyowashwa na mtu asiyejua kwamba ya kwanza ilikwisha kujiwasha yenyewe stima iliporudi.

1. Mjue mkaaji: sudo ss -ltnp | grep 8080
2. Ikiwa ni Tomcat ya pili, izime. Acha ile inayowashwa na systemctl.
3. Ikiwa ni programu nyingine halali, badilisha poti yake au ya Tomcat kwenye server.xml, kisha uwaarifu watumiaji wote anwani mpya.

UKURASA WA KUSAKINISHA UNAPOJITOKEZA

Hili linastahili kusomwa mara mbili. Mtumiaji anafungua mfumo asubuhi, na badala ya ukurasa wa kuingia anakuta ukurasa wa OpenMRS unaomkaribisha kuanza usakinishaji, kana kwamba hakujawahi kuwa na rekodi hata moja.

Rekodi zipo. Kilichopotea ni njia ya kuzifikia. OpenMRS husoma faili iitwayo openmrs-runtime.properties, na jina hilo hufuata jina la faili ya war. Ukiibadilisha openmrs.war iwe kenyaemr.war, mfumo utatafuta kenyaemr-runtime.properties, usiione, na kudhani ni mgeni. Vivyo hivyo, mahali inapotafutwa faili hiyo hutegemea ni nani aliyeiwasha Tomcat. Fundi akiiwasha kwa mkono kama mtumiaji mkuu, mfumo unaweza kutafuta kwenye folda ya root badala ya ile ya kila siku.

Fanya hivi:

1. Usibonyeze "Next" wala kitufe chochote. Funga kivinjari.
2. Zima Tomcat iliyowashwa kwa mkono.
3. Tafuta faili yenyewe: sudo find / -name "*-runtime.properties"
4. Hakikisha jina lake linalingana na jina la war.
5. Rudisha umiliki wa folda ya data kwa mtumiaji wa Tomcat, kwa mfano:
   sudo chown -R tomcat:tomcat /var/lib/OpenMRS
6. Washa kwa njia moja tu: sudo systemctl start tomcat9

Hatua ya 5 ikikosa kusaidia na logi bado inalia kuhusu ruhusa, kuna mtego mmoja. Tomcat 9 inayokuja na Ubuntu hufungiwa na systemd isiandike nje ya folda chache zilizotajwa, hata kama umiliki uko sawa. Andika sudo systemctl edit tomcat9, uongeze mistari hii miwili, kisha uwashe upya:

   [Service]
   ReadWritePaths=/var/lib/OpenMRS

MATOLEO YASIYOELEWANA

Ujumbe wa "UnsupportedClassVersionError" huja na namba kama 52, 55 au 61. Toa 44, utapata toleo la Java: 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17. Namba kubwa ndiyo inayotakiwa na programu. Ndogo ndiyo iliyopo kwenye seva.

Andika java -version, lakini usiridhike na jibu hilo. Seva moja inaweza kuwa na Java tatu, na Tomcat ikatumia isiyo ile uliyoiona. Mistari ya kwanza ya logi baada ya kuwasha hutaja toleo hasa linalotumika. Kama silo, rekebisha JAVA_HOME kwenye /etc/default/tomcat9.

Kosa la pili la matoleo huwapata wanaonunua seva mpya. Ubuntu 24.04 huja na Tomcat 10, na kuanzia Tomcat 10 majina ya ndani yaliyoanza na javax yalibadilishwa kuwa jakarta. Mfumo ulioandikwa kwa majina ya zamani, kama matoleo mengi ya OpenMRS yaliyoko vituoni, haupati kinachotakiwa na unakataa kuwaka. Dawa ni kuweka Tomcat 9. Kuhariri faili za ndani ya mfumo si kazi ya kituo.

SAA YA AFRIKA MASHARIKI

Kosa la 'EAT' ni la ukanda wetu. Seva ikiwekwa saa ya Nairobi, MySQL huitaja kwa kifupi cha herufi tatu, na baadhi ya matoleo ya kiunganishi cha MySQL cha kizazi cha 8 hayakitambui. Mfumo ulio mzima kabisa hukataa kuunganishwa kwa ajili ya herufi tatu.

Kwenye openmrs-runtime.properties tafuta mstari wa connection.url na uuongezee ukanda kwa jina kamili. Mstari wote ni mmoja, hauvunjwi:

   connection.url=jdbc:mysql://localhost:3306/openmrs?useUnicode=true&characterEncoding=UTF-8&serverTimezone=Africa/Nairobi

Angalia alama ya &. Katika faili ya properties huandikwa hivyo hivyo. Ukiuhamishia mstari huo kwenye faili ya XML kama context.xml, kila & lazima iandikwe &amp;, la sivyo utaliondoa kosa moja na kulileta la SAXParseException.

HERUFI ZA KIKAMBA

Kikamba huandikwa kwa ĩ na ũ, na mgonjwa ana haki ya kuona jina lake lilivyo. Jina likivurugika, soma uvurugikaji wenyewe kabla ya kutafuta dawa, kwani kuna aina mbili.

• Kĩtui ikionekana "K?tui", yaani alama ya kuuliza imehifadhiwa badala ya herufi, herufi hiyo imepotea. Hakuna amri itakayoirudisha. Lazima iandikwe upya.
• Kĩtui ikionekana "KÄ©tui", herufi haijapotea. Imehifadhiwa vizuri na kusomwa vibaya. Sehemu ya characterEncoding=UTF-8 kwenye mstari ulio hapo juu mara nyingi hutosha.

MySQL za kabla ya toleo la 8 zilianza na mpangilio wa latin1 usiozijua herufi hizi. Toleo la 8 huanza na utf8mb4. Kuyabadilisha majedwali ya zamani ni kazi ya mtaalamu mwenye nakala ya akiba mkononi. Usiijaribu asubuhi yenye foleni.

KUMBUKUMBU NA DISKI

Java hutumia kumbukumbu iliyotengewa tu, hata kama seva ina ziada. Kwa seva ya GB 8 inayobeba Tomcat na MySQL pamoja, anza na mpangilio huu kwenye /etc/default/tomcat9:

   JAVA_OPTS="-Djava.awt.headless=true -Xms1g -Xmx3g"

Usiipe Java yote GB 8. Mfumo endeshi ukibanwa huua programu iliyo kubwa kuliko zote, nayo huwa ama Tomcat ama MySQL. Ukihama kwenda Java 17, ondoa pia MaxPermSize iliyonakiliwa kutoka mipangilio ya zamani. Java 8 iliipuuza, Java 17 hukataa kuwaka ikiiona.

Diski ikijaa, mshukiwa wa kwanza ni logi ya catalina.out. Usiifute kwa rm wakati Tomcat inafanya kazi, kwa sababu nafasi haitarudi hadi programu inayoiandika izimwe. Ipunguze hivi:

   sudo truncate -s 0 /var/log/tomcat9/catalina.out

Kama bado unatafuta kosa, inakili kwanza kwenye diski ya nje.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

1. Kunakili mipangilio kutoka hati ya Word. Word hugeuza alama za kunukuu zikawa zilizopinda, na kistari cha -Xmx kikawa kirefu. Jicho halioni tofauti, Java inaiona.
2. Nafasi tupu mwishoni mwa nywila. Kwenye faili ya properties nafasi hiyo huhesabiwa kuwa sehemu ya nywila.
3. Alama ya \ ndani ya nywila. Java huichukulia kuwa ya amri, hivyo iandike mara mbili.
4. Kuiacha ruta iigawie seva anwani. Stima ikirudi, anwani hubadilika na kompyuta zote za kituo hupotea njia. Ipe seva anwani ya kudumu.
5. Kufungua ruhusa zote kwa chmod 777. Kosa huondoka, na mlango wa rekodi hubaki wazi kwa kila mtu.

SIRI ZA WAGONJWA

Logi hubeba zaidi ya makosa. Inaweza kuwa na majina na namba za wagonjwa, na mipangilio ina nywila ya hifadhidata. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la data nyeti, na taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mwenyewe, Kamishna wa Data lazima ajulishwe ndani ya saa 72. Kabla ya kutuma logi kwenye kundi la WhatsApp kuomba msaada, kata sehemu ya kosa peke yake, futa majina na nywila. Nakala ya hifadhidata haitumwi kwa simu kamwe.

ORODHA YA KUKAGUA

Stima ikirudi:
☐ Saa na tarehe ni sahihi
☐ Diski ina nafasi
☐ MySQL inawaka
☐ Tomcat inawaka, tena ni moja tu
☐ Mfumo unafunguka kwenye seva, kisha kwenye kompyuta nyingine
☐ Mgonjwa wa mwisho wa jana anaonekana

Kila mwezi:
☐ Nakala ya akiba imejaribiwa kwa kurejeshwa kwenye kompyuta nyingine ya kituo
☐ Betri ya UPS bado inashika
☐ Matoleo ya Java, Tomcat, MySQL na ya mfumo yameandikwa

Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani kwa saa nyingi, na Desemba ya mwaka huo huo giza likarudi. Seva nyingi za vituoni hazina jenereta ya kuzibeba. Leo, mfumo ukiwa bado unafanya kazi, andika kwenye karatasi moja matoleo manne, mahali pa faili ya mipangilio, anwani ya seva na simu ya fundi. Nywila usiiandike hapo. Ifungie kwenye sefu au kabati la mkuu wa kituo. Bandika karatasi hiyo ndani ya mlango wa chumba cha seva, kisha umwonyeshe mwenzako mmoja ilipo.